Waziri Anaweza Kutunga Kanuni: Kifungu Tunachokiruka

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, mawakili wenzangu, na ninyi wanafunzi mliojazana viti vya nyuma kama watu wanaoogopa kuulizwa swali: wakubwa shikamooni, wengine habari za mchana.

Mada niliyopewa ni mipaka ya kikatiba ya Bunge kukasimu madaraka yake ya kutunga sheria kwa mawaziri na mamlaka za udhibiti. Najua mada ya namna hii ikitokea kwenye ratiba, watu hukumbuka ghafla kwamba hawajanywa chai. Nashukuru mmebaki.

Kuna sentensi ambayo kila mmoja wenu ameshaiona, na wengi tumeiruka. Hukaa mwishoni mwa sheria, baada ya makosa na adhabu, wakati msomaji ameshachoka. Inasema Waziri anaweza kutunga kanuni kwa ajili ya utekelezaji bora wa masharti ya Sheria hii. Basi. Wakati mwingine hufuatwa na orodha ya mambo kumi au kumi na tano, na ya mwisho katika orodha ni "jambo jingine lolote" ambalo Waziri ataona linafaa. Mengi yanayomgusa mwananchi mfukoni, leseni anayokata, ada anayolipa, kifungo anachotishiwa nacho, hutoka humo. Wabunge wetu hugombana siku nzima juu ya jina la bodi na idadi ya wajumbe wake, halafu kifungu hicho kinapita kwa kauli ya "wanaoafiki waseme ndiyo".

Tuanze na Katiba yenyewe. Ibara ya 64 inaweka mamlaka ya kutunga sheria kwa mambo ya Muungano na ya Tanzania Bara mikononi mwa Bunge. Ukiishia hapo utadhani mlango umefungwa. Nenda mbele mpaka ibara ya 97, ibara ndogo ya 5. Inasema kwamba masharti ya ibara hiyo na ya ibara ya 64 hayatalizuia Bunge kutunga sheria zinazomkabidhi mtu au idara yoyote ya Serikali madaraka ya kutunga kanuni za nchi, au kuzipa nguvu ya kisheria kanuni zilizotungwa na mtu au idara hiyo. Isomeni polepole mkifika nyumbani. Mtu yeyote. Idara yoyote. Hakuna neno kuhusu madhumuni, hakuna neno kuhusu kiasi, hakuna neno kuhusu mambo ambayo Bunge halina ruhusa kuyatoa mkononi.

Sasa vukeni Namanga. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 94, ibara ndogo ya 5, inasema hakuna mtu wala chombo nje ya Bunge chenye uwezo wa kuweka masharti yenye nguvu ya sheria, ila kwa mamlaka yaliyotolewa na Katiba au na sheria. Hadi hapo tunafanana. Tofauti iko katika ibara ndogo ya 6. Sheria yoyote inayokabidhi uwezo huo ni lazima itaje waziwazi madhumuni na malengo yake, mipaka yake, aina na upana wa kanuni zinazoweza kutungwa, na misingi na viwango ambavyo mtungaji atafungwa navyo. Wakenya hawakukataza kukasimu. Walichofanya ni kumwambia mbunge: ukitoa, toa kwa kipimo, na kipimo chenyewe kiandike.

Hoja yangu leo ni hiyo tu. Kukasimu si dhambi. Dhambi ni kukasimu bila kipimo, kwa sababu asiyepewa kipimo hatekelezi sheria ya mtu mwingine. Anatunga yake.

Mnisikilize vizuri katika hili, maana kuna wanaharakati ninaowaheshimu sana ambao wangependa kila kanuni irudi Dodoma. Haiwezekani, na nashukuru haiwezekani. Chukua bei ya mafuta. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Madereva wa bodaboda huijua Jumatano hiyo kuliko sikukuu. Bei zile hutofautiana kwa mafuta yaliyopokelewa Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, na kutoka wilaya hadi wilaya kwa gharama za usafirishaji. Unadhani wabunge wangekaa kila mwezi kupiga kura juu ya bei ya lita moja Sumbawanga? Wangekuwa bado wanajadili bei ya mwaka juzi.

Lakini tazameni jinsi kazi ile inavyofanyika. Kuna fomula ya kukokotoa. Bei ya soko la dunia, gharama za kuleta meli, thamani ya shilingi kwa dola, kodi na tozo ambazo ziko kisheria, gharama na faida za wafanyabiashara wa jumla na rejareja. Mtu mwenye kikokotoo na subira anaweza kufuatilia namba kutoka juu hadi chini na kuuliza, "Hapa mmezidisha nini?" Wajuzi wana nafasi kubwa mle, na mimi sina ugomvi nao, kwa kuwa nafasi yao ina kuta.

Halafu njooni Machi 2018. Serikali ilichapisha Tangazo la Serikali Na. 133, Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, chini ya kifungu cha 103 cha Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Mwenye blogu akatakiwa kulipa shilingi 100,000 za maombi, shilingi 1,000,000 za leseni ya miaka mitatu, na juu yake shilingi 1,000,000 kila mwaka. Kijana anayeandika habari za mpira wa mtaani kwao, kabla hajaandika neno, anadaiwa milioni mbili na laki moja. Mwenye intaneti kafe akaambiwa aweke kamera. Adhabu ilikuwa faini isiyopungua milioni tano, au kifungo kisichopungua miezi kumi na miwili, au vyote viwili. Juni mwaka huohuo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikawataka wasiojisajili wasimamishe huduma, na JamiiForums, ukumbi uliokuwa na wasomaji wengi kuliko magazeti mengi, ukazimika kwa muda.

Nawaomba tuweke kando kwa dakika moja swali la uhuru wa kujieleza. Limeshasemwa sana na wenye sauti kuliko yangu. Swali langu la leo ni jembamba: nani aliamua? Wajibu wa mwenye blogu kukata leseni, kiwango cha ada, na kiwango cha chini cha kifungo, vyote vilikuja kwa kanuni. Bunge la mwaka 2010 lilipopitisha sheria mama, yaani sheria inayozaa kanuni hizo, halikujadili milioni moja ya mtu wa blogu. Nikisema kiwango cha chini cha kifungo, wanafunzi wa jinai mnanielewa: hakimu anafungwa mikono asishuke chini ya miezi kumi na miwili, na aliyemfunga ni kanuni. Mimi naamini kuna mambo mawili ambayo hayafai kutoka mkononi mwa Bunge hata kidogo: kumfunga mtu jela na kumtoza mtu kodi. Kama itabidi yakasimiwe, sheria mama itaje dari.

Nimetaja kodi, kwa hiyo tuzungumze tozo. Najua mlikuwa mnaisubiri.

Juni 2021 hotuba ya bajeti ilipendekeza tozo kwenye miamala ya simu ya kutuma na kutoa fedha, kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala, kulingana na kiasi kinachotumwa au kutolewa. Sheria ya Fedha ikaingiza kifungu kipya katika Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa. Waziri wa Fedha akatunga kanuni zenye jedwali la viwango. Tarehe 15 Julai ikaanza. Mnakumbuka wenyewe: mtu anamtumia mama yake hela ya dawa kijijini, anasoma ujumbe wa muamala, anakuta chini ya ada ya kampuni kuna makato mengine ya Serikali. Na mama naye akienda kwa wakala kutoa, anakatwa tena.

Kelele zilikuwa kubwa. Septemba viwango vikashushwa kwa asilimia 30. Julai 2022 vikashushwa tena, kiwango cha juu kikawa shilingi 4,000.

Wengi walishangilia punguzo la Septemba, nami nilifurahi kama mlipaji. Kama mwanasheria nilikuna kichwa. Kodi ya nchi nzima ilipungua kwa karibu theluthi bila Bunge kukaa. Kalamu iliyopunguza ndiyo iliyopandisha. Leo imepunguza kwa sababu tumepiga kelele. Siku ambayo hatutapiga kelele itafanya nini? Wigo wa kumi hadi elfu kumi, ambapo mwisho wake ni mara elfu moja ya mwanzo wake, unamwambia Waziri kitu gani cha kufuata? Apime kwa uwezo wa mlipaji? Kwa lengo la makusanyo? Kwa gharama ya barabara zinazotakiwa kujengwa?

Mtaniambia ibara ya 138 inalinda. Inasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Malizieni sentensi: au kwa mujibu wa utaratibu uliowekwa kisheria na kutiliwa nguvu ya kisheria na sheria iliyotungwa na Bunge. Hilo "au" ndilo tundu ambalo tozo nyingi hupitia, na kwa maandishi ya Katiba yetu yalivyo, siwezi kusimama mbele yenu nikadai lilikuwa haramu.

Nitawachukua mbali kidogo sasa, Marekani ya mwaka 1935, kwa kuwa wale walipambana na jambo hili kabla yetu, na walipambana nalo kwa ajili ya kuku.

Katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, Bunge la Marekani mwaka 1933 lilipitisha sheria ya kufufua viwanda iliyomruhusu Rais Roosevelt kuidhinisha "kanuni za ushindani wa haki" kwa kila sekta. Kanuni hizo mara nyingi ziliandikwa na wafanyabiashara wenyewe wa sekta husika. Rais akisaini, zinakuwa sheria, na kuzivunja ni jinai. Kanuni ya kuku wa New York ilikuwa na sharti kwamba mnunuzi achukue kuku kama wanavyotoka tenga zima au nusu tenga, bila kuchagua. Ndugu wa familia ya Schechter, wachinjaji wa Brooklyn, walishtakiwa pamoja na mengine kwa kuwaachia wateja wachague kuku wanayemtaka. Fikirini mama wa Kariakoo aambiwe asichague kuku! Mahakama ya Juu iliposikiliza hoja, majaji wenyewe walicheka. Tarehe 27 Mei 1935 wote tisa waliifuta.

Jaji Cardozo, akiunga mkono uamuzi huo, aliandika maoni yake mwenyewe. Alisema madaraka yaliyokasimiwa katika kanuni ile hayakupitishwa katika mfereji wenye kingo za kuyazuia yasifurike. Ninachompendea ni hiki: miezi michache kabla, katika shauri la mafuta la Panama Refining, Cardozo huyohuyo alikuwa peke yake upande wa Serikali dhidi ya majaji wanane, akisema pale kipimo kipo. Hakuwa mtu wa kupinga tu. Alikuwa anatafuta kingo. Pale aliziona, huku hakuziona.

Na shauri hilo la mafuta lina kituko ambacho hunifanya niheshimu Gazeti la Serikali. Ilipofika Mahakama ya Juu, ikabainika kwamba kipengele ambacho watu walikuwa wameshtakiwa kwa kukivunja kilikuwa kimefutwa kimakosa katika marekebisho ya mwaka 1933. Hakikuwapo. Waendesha mashtaka hawakujua, washtakiwa hawakujua, kwa sababu hapakuwa na mahali pamoja pa kuchapisha kanuni za Serikali. Mwaka huohuo wa 1935 wakatunga sheria ya kuanzisha gazeti lao rasmi. Sisi gazeti tunalo tangu ukoloni, na siku hizi TanzLII, maktaba ya sheria ya mtandaoni, imetupunguzia safari za kwenda kwa Mpigachapa Mkuu kutafuta GN, yaani Tangazo la Serikali. Ila jiulizeni ni mara ngapi mmeona "tangazo kwa umma" kwenye mitandao ya kijamii, lenye nembo, saini na mhuri, likiamuru watu wafanye jambo, bila namba ya Tangazo la Serikali wala kifungu. Wakili akiletewa karatasi kama hiyo na mteja, swali la kwanza ni: GN namba ngapi?

Tangu miaka ile ya 1930 Mahakama ya Juu ya Marekani imekuwa ikitafuta kitu kimoja, kama sheria ina "msingi unaoeleweka" wa kumwongoza aliyekasimiwa, na karibu kila mara imesema upo. Juni 2025, kwa kura sita kwa tatu, ilikataa kuufuta mfuko wa kupeleka simu na intaneti vijijini na kwa wasio na uwezo, binamu wa Mfuko wetu wa Mawasiliano kwa Wote. Wapinzani walidai Bunge halikutaja kiwango cha michango ambayo kampuni za simu hutozwa. Jaji Kagan akajibu kwamba mpaka si lazima uwe namba. Sheria ilisema fedha ziwe za kutosha kwa huduma zilizotajwa, na kutosha kuna chini yake na juu yake. Nakubaliana naye. Hata hivyo Mahakama hiyohiyo, tangu shauri la West Virginia la 2022, imejitengenezea njia nyingine: jambo likiwa kubwa sana kiuchumi na kisiasa, inataka idhini ya wazi ya Bunge kabla wakala wa Serikali hajaligusa. Kubwa kiasi gani? Majaji ndio watakaokwambia, shauri kwa shauri. Hapo mimi natia breki. Kipimo kilichoko kichwani mwa jaji ni hatari karibu sawa na kile kilichoko kichwani mwa Waziri, na ndiyo maana nawaonea wivu Wakenya ambao kipimo chao kimeandikwa.

Na kimefanya kazi pande zote mbili. Kampuni ya British American Tobacco ilizipinga Kanuni za Kudhibiti Tumbaku za Kenya za mwaka 2014, pamoja na sharti la watengenezaji na waagizaji kuchangia kila mwaka asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao katika mfuko wa kudhibiti tumbaku. Kesi ilianzia Mahakama Kuu, ikapita Mahakama ya Rufani, ikaisha Mahakama ya Juu Novemba 2019. Kampuni ilishindwa ngazi zote. Sheria mama ya 2007 ilikuwa imeshautaja mfuko na mchango. Kanuni zilijaza kiwango. Kwa hiyo anayedhani kipimo ni silaha ya matajiri dhidi ya afya ya umma, aisome kesi ile. Sheria iliyoandikwa vizuri humlinda mdhibiti anaposhtakiwa na wenye fedha.

Kenya wana pia Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013. Kanuni isipowasilishwa bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa, inakufa. Ikitimiza miaka kumi, inakufa isipoongezewa muda, na nyongeza haizidi miezi kumi na miwili. Sisi tunayo Kamati ya Kudumu ya Sheria Ndogo, na inafanya kazi ngumu. Taarifa zake hutaja kanuni zinazokwenda kinyume na sheria mama, zenye makosa ya uandishi, zenye rejea za vifungu visivyokuwepo. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria kiko wazi kwamba kanuni inayopingana na sheria mama ni batili kwa kiasi cha upinzani huo. Tatizo ni kwamba Kamati huikuta kanuni ikiwa imeshaanza kuuma, na kifungu cha 36 hakimsaidii mtu pale ambapo sheria mama haikusema chochote cha kupingana nacho. Ndiyo maana narudi kule kule kwenye kifungu cha mwisho cha muswada.

Kurekebisha ibara ya 97(5) kutachukua muda wake. Wakati tunasubiri, Bunge halihitaji ruhusa ya mtu kuandika kipimo katika kila muswada, na Kamati zinapoita wadau watoe maoni, nendeni na penseli. Msiishie kwenye vifungu vinavyotengeneza vichwa vya habari. Fungueni kifungu cha kanuni, kisha majedwali, maana huko nako utakuta Waziri ameruhusiwa kurekebisha jedwali kwa amri kwenye Gazeti, yaani kubadili sheria ya Bunge kwa mkono wake. Waingereza huviita vifungu vya aina hiyo kwa jina la Mfalme Henry VIII, aliyepewa mwaka 1539 uwezo wa kutoa matamko yenye nguvu ya sheria. Alipofariki, walifuta ile sheria mwaka 1547. Pendekezeni maneno mahususi: ada isizidi kiasi fulani, adhabu isizidi kiasi fulani, kanuni zitungwe kwa kuzingatia hiki na kile. Mbunge asiye mwanasheria hawezi kuandika marekebisho hayo usiku mmoja. Ninyi mnaweza.

Nimeletewa karatasi yenye swali, nilijibu kisha nikae. Ndugu ameandika: "Mawaziri wetu wote ni wabunge kwa mujibu wa ibara ya 55. Sasa Waziri akitunga kanuni, si mbunge ndiye ametunga? Tunagombania nini?"

Swali zuri, na limenyooka. Waziri ni mbunge, kweli. Ila muswada husomwa, hupelekwa kwenye kamati, wadau huitwa, mbunge wa Kigoma anasimama kuuliza kwa nini, Waziri anajibu, na vyote viwili vinaandikwa. Hata upinzani ukiwa na viti vya kuhesabu kwa vidole, swali na jibu hubaki kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, na miaka kumi baadaye jaji anaweza kulisoma akajua Bunge lilikusudia nini. Kanuni huandikwa ofisini na kusainiwa ofisini. Mkitaka kujua ni kwa hesabu gani leseni ya blogu ilikuwa milioni moja na isiwe laki mbili, pekueni Hansard yote iliyotangulia Machi 2018. Hamtaukuta ukurasa ambapo mbunge alimuuliza Waziri kabla ya watu kuanza kudaiwa.